Fahamu: Karatasi mbadala za kusokotea bangi

Mtu akikosa rizla, yaani karatasi maalum ya kusokotea, huchukua karatasi yoyote iliyo karibu: gazeti, ukurasa wa daftari, risiti ya supamaketi. Eldoret, kama kwingineko Kenya, hili si geni.

Kuna nini ndani ya karatasi?

Risiti ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ikwaruze kwa ukucha, utaona mstari mweusi. Haina wino, imepakwa kemikali zinazobadilika rangi zikipata joto, na mara nyingi mojawapo ni bisfenoli, inayovuruga homoni mwilini. Karatasi hiyo haikutengenezwa ichomwe, sembuse moshi wake uvutwe.

Gazeti lina wino, na karatasi ya daftari ni nene kuliko rizla, hivyo huongeza moshi mkali kooni. Hata kurasa nyembamba za vitabu vya dini, ambazo wengi hudhani ni salama, hubeba wino.

Je, rizla ni salama?

Hapana. Bangi yenyewe ikiungua hutoa lami na monoksidi ya kaboni. Rizla hupunguza tu madhara ya ziada yanayotokana na karatasi.

Sheria inasemaje?

Bangi ni haramu nchini Kenya chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kuisokota kwa karatasi tofauti hakubadilishi kosa.

Msaada uko wapi?

NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kupitia 1192. Mjini Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hutibu uraibu.