Ufumbuzi Usio na Hatima: Mwisho wa Mzimu wa Watu wa Kale kwa Jicho la Msomaji wa Mfangano

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi humvuta msomaji kwa fumbo, na mwisho wake ndio mizani inayoipima kazi nzima. Hata hivyo, riwaya inaweza kusisimua tangu ukurasa wa kwanza, ikafumbua fumbo lake barabara, na bado ikamwacha msomaji na kiu. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha kiu hiyo kwa kuitazama Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, kwa jicho la msomaji wa kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Viktoria.

Riwaya na taharuki yake

Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kujulikana kwa riwaya. Hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, kisha ikachapishwa mwaka 1960. Ndiyo iliyomleta ukumbini Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Wahakiki wengi wameona katika wawili hao kivuli cha Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle.

Fumbo linaanza pale maiti ya Bwana Ali inapokutwa mzimuni. Neno mzimu lina maana mbili: roho ya marehemu, na pia mahali pa kutambikia, pawe pangoni, chini ya mti au penye magofu. Utata huo ndio mtambo wa taharuki. Msomaji anajiuliza maswali mawili kwa pamoja: nani amemwua Ali, na mzimu huu una uwezo gani juu ya watu wanaouogopa?

Jibu moja kwa maswali mawili

Mwishoni Bwana Msa anaeleza kila kitu. Dalili zilizotawanyika zinaunganishwa na kifo kinathibitika kuwa kazi ya binadamu, wala si ya mizimu. Swali la kwanza limejibiwa kikamilifu. La pili limefutwa tu: mzimu uliotawala riwaya nzima unageuka kuwa pazia la jukwaani, linalokunjwa mchezo ukiisha.

Mbinu hii haikuanzia Unguja. Katika The Hound of the Baskervilles (1901–1902), Conan Doyle alimtisha msomaji kwa jibwa la kishetani, kisha akabainisha kuwa ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi. Hata hivyo, jibwa lile halikuwa na waumini wa kulipelekea sadaka. Mzimu unao.

Mzimu kwa msomaji wa Mfangano

Hapa ndipo Mfangano inapotoa mwanga. Katika kisiwa hiki cha Abasuba, Kaunti ya Homa Bay, kuna michoro ya kale miambani huko Mawanga na Kwitone: miduara ndani ya miduara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Watafiti huihusisha na Watwa, wawindaji walioishi hapo kabla ya Abasuba. Abasuba hawakuichora, lakini waliiheshimu, na wazee walitambika huko kuomba mvua. Huo ni mzimu wa watu wa kale kwa maana kamili ya maneno hayo.

Kwa msomaji aliyekulia karibu na miamba hiyo, mahali patakatifu si fumbo la kufumbuliwa. Ni kumbukumbu, ni mpaka wa mwenendo, ni uhusiano na waliotangulia. Mhalifu akikamatwa, mahali penyewe panabaki. Msomaji huyo atauliza: je, baada ya Bwana Msa kuondoka, nani atarudi mzimuni, na kwa moyo gani? Riwaya imekwisha kufungwa.

Utetezi wa mtunzi

Ni haki kumtetea Abdulla. Dhamira yake ilikuwa kuitukuza akili inayochunguza, na kuonyesha kwamba hofu ya mizimu inaweza kuwa kichaka cha kujifichia wauaji. Mwisho ulioacha mlango wazi kwa mizimu ungeidhoofisha dhamira hiyo. Isitoshe, kanuni za utanzu zinadai mpelelezi atoe maelezo yasiyobakiza shaka.

Hitimisho

Yafaa basi wanafunzi wa fasihi watofautishe ufumbuzi na hatima. Ufumbuzi hujibu swali la mpelelezi; hatima hujibu swali la jamii iliyoguswa na tukio. Mzimu wa Watu wa Kale ina ufumbuzi madhubuti na hatima pungufu. Upungufu huo haukuiondolea nafasi yake ya uasisi, bali umewaachia watunzi wa leo kazi: kuandika riwaya ambamo mwuaji anajulikana, na mzimu nao unapewa neno la mwisho.