Waifai ya Nyumbani Isiyo na Nywila

Waifai husafiri kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hupenya kuta. Mtandao wa nyumbani usio na nywila humfikia jirani na hata mpita njia. Wageni wanapojiunga, kasi hupungua na bando huisha mapema. Hatari kubwa zaidi ni kwamba uhalifu ukitendwa kupitia mtandao huo, huonekana umetoka kwa mwenye nyumba, kwa kuwa vifaa vyote hutumia anwani moja ya intaneti.

Hatua ya kwanza ni kuwatambua waliojiunga. Ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao mara nyingi hufunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, huonyesha vifaa vilivyounganishwa. Kifaa kisichojulikana na yeyote nyumbani huenda ni cha mgeni.

Hatua ya pili ni kuweka nywila ndefu isiyokisika, pamoja na usimbaji wa WPA2 au WPA3. WEP, mfumo wa mwaka 1997, haufai tena, kwani udhaifu wake ulibainika tangu 2001. Nywila mpya huwaondoa wote wasioijua. Nywila ya kiwandani ya kuingilia mipangilio nayo ibadilishwe, la sivyo mgeni aweza kuugeuza mtandao wote.

Kuficha jina la mtandao pekee si kinga, kwa sababu zipo programu zinazolifichua. Jirani anayestahili kusaidiwa afunguliwe mtandao wa wageni, uliotengwa na vifaa vya familia. Ukarimu ni jambo jema, lakini mlango una mwenyewe.