Bechet hakusoma nota, na binti yangu nimemhamisha shule

Shangazi yake ameniuliza kwenye kundi la familia, tena kwa ukali, kwa nini nimemtoa binti yangu shule ya muziki ambayo wenzake wanapanga foleni kuingia. Yeye yuko Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu Geita, mimi niko huku viungani mwa Paris, na najua wengine mnaosoma hapa mna swali hilohilo. Naeleza.

Katika shule ile mtoto hakutangulia kushika chombo. Ilitangulia solfeji, yaani kusoma na kuandika nota. Walikaa madawatini, mwalimu akabonyeza piano, nao wakaandika walichosikia kwenye mistari mitano. Kisha walisoma majina ya nota kwa sauti huku mkono mmoja ukipiga hesabu hewani: chini, kushoto, kulia, juu. Kuna mtihani, kuna ripoti, na ukikosa vipindi inakuja barua nyumbani. Binti yangu alitaka klarineti. Mwaka mzima aliitazama ndani ya kabati la vioo, imetenganishwa vipande kwenye sanduku lake. Nilipoomba apewe walau ajaribu, nikajibiwa kwamba anayeanza kwa sikio huharibika, na kumnyoosha baadaye ni kazi.

Jibu hilo limenikaa rohoni, maana nchi hiihii, kule Juan-les-Pins, imemwekea sanamu mpulizaji ambaye hakuwahi kujua vizuri kusoma nota.

Sidney Bechet alizaliwa New Orleans tarehe 14 Mei 1897. Klarineti ya kwanza aliyopuliza ilikuwa ya kaka yake Leonard, na aliichukua kwa kificho. Wakongwe wa mji, kina George Baquet na Lorenzo Tio, walimfundisha. Akayashika ya sikio, ya karatasi akayaacha. Mwaka 1919 alivuka bahari na bendi ya Will Marion Cook hadi London. Huko kiongozi wa okestra kutoka Uswisi, Ernest Ansermet, mtu aliyesoma muziki hasa, alimsikia akaandika makala ya kumsifu kwa jina. Ndipo Bechet akanunua saksafoni ya soprano, iliyonyooka kama klarineti, si domo la bata tulilozoea kwenye bendi zetu. Akaipuliza kwa mtetemo mpana kiasi kwamba ukimsikia mara moja humsahau.

Hakuwa malaika. Uingereza ilimfukuza mwaka 1922. Mwaka 1925 alikuja Paris katika onyesho lililompa jina Josephine Baker, na mwishoni mwa 1928 aligombana na mwanamuziki mwenzake Montmartre, risasi zikarushwa, wapita njia wakaumia. Akafungwa karibu mwaka mzima, kisha akafukuzwa nchini. Marekani aliunda New Orleans Feetwarmers na Tommy Ladnier, wakarekodi mwaka 1932, lakini kazi zilikuwa haba, hivyo wakafungua duka la kushona na kupiga pasi nguo Harlem. Mwanzilishi wa jazi anapiga pasi suruali za watu! Rekodi yake ya “Summertime” ya 1939 ndiyo iliyomrudisha masikioni mwa wengi.

Na Ufaransa iliyomfukuza ikamtaka tena. Alirudi Paris kwenye tamasha la 1949, akahamia moja kwa moja mwaka uliofuata, akaongoza vijana wa Kifaransa waliojifunza muziki huo kwa kusikiliza santuri, yaani kwa sikio. Mwaka 1955 vijana walivunja viti ukumbini Olympia kwa kumshangilia. Alifariki Garches, siku yake ya kuzaliwa, mwaka 1959. Mwaka huohuo watu wa kwetu magharibi, Iddi Nhende wa Nzega akiwa mbele, walianzisha bendi ya Western Jazz pale Dar es Salaam. Wapigaji wetu wengi wa enzi hizo nao walijifunza kwa kukaa karibu na anayejua, na nchi nzima ikacheza.

Binti yangu nilimsikilizisha rekodi ya 1941 ambamo Bechet anapiga vyombo sita peke yake, kimoja juu ya kingine. Tangu siku hiyo mdogo wake amejipa ngoma, na sufuria zangu zimekwisha. Jirani wa chini akagonga mlango saa mbili usiku. Rwamgasa karasha linasaga mawe mpaka alfajiri na watoto wanalala fofofo. Huku mtoto akipuliza robo saa naandikiwa karatasi kwenye lifti.

Sasa anafundishwa na mzee mmoja mstaafu kutoka Guadeloupe. Siku ya kwanza alimpa klarineti mkononi, akamwonyesha kulowesha kile kibanzi cha tete mdomoni kabla ya kukifunga, na jinsi ya kubana midomo bila kuuma. Ilitoka sauti ya bata. Ya tatu ikatoka safi, na mwanangu akacheka mpaka machozi. Nota anazisoma pia, lakini za wimbo alioupiga tayari.

Klarineti anayotumia ni ya kukodi. Shangazi, na wajomba mlioahidi zawadi za Krismasi: msitume nguo, tuchange anunuliwe yake.