Kuchagua Karatasi ya Kuchapia Picha kwa Ajili ya Darasa

Siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu, na mwanafunzi haoni kazi iliyofanywa na mwanga. Kwa sababu hiyo, chumba cha giza kingali na nafasi katika somo la sayansi, pale shule inapoweza kupata vifaa vyake. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuchagua karatasi. Jambo hili ni zito hasa kwa shule ambayo maji yake huletwa kwa ndoo, na mji wa Tunduma umepata taabu ya maji kwa miaka mingi.

Karatasi zote za picha hupakwa utando wenye chumvi za madini ya fedha. Sehemu iliyopigwa na mwanga hugeuka nyeusi inapotiwa katika dawa ya kuibulia picha. Baadaye picha hutiwa katika dawa ya kukazia, kisha huoshwa.

Tofauti ya kwanza imo katika mwili wa karatasi. Aina moja ni karatasi tupu ya nyuzi. Hiyo hunywa dawa, kwa hiyo yahitaji kuoshwa kwa muda wa dakika 60 hivi, isipotumiwa chumvi maalumu ya kufupisha kazi hiyo. Aina ya pili imefunikwa kwa plastiki pande zote mbili. Dawa haipenyi ndani, na dakika 2 za maji yanayotiririka zatosha. Tufanye hesabu: bomba likitoa lita 2 kwa dakika, aina ya kwanza itatumia lita 120, yaani ndoo 6 za lita 20, aina ya pili itatumia lita 4 tu. Tena hukauka upesi bila kujikunja.

Hata hivyo, karatasi ya nyuzi iliyooshwa vema hudumu miaka mingi zaidi. Basi picha ya kumbukumbu ya shule ichapwe juu ya karatasi ya nyuzi. Picha itakayopita mikononi mwa watoto ichapwe juu ya karatasi ya plastiki.

Tofauti ya pili ni ya namba, kuanzia 0 hadi 5. Namba 2 hufaa negativu ya kawaida. Chukua mfano wa Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililojulikana kwa wanasayansi mwaka 1930. Kikipigwa picha jua la mchana, weupe wa mbingu na weusi wa chuma hutengana mno. Negativu hiyo yataka karatasi laini, namba 0 au 1. Kikipigwa asubuhi ya ukungu, negativu huwa hafifu; yataka namba 3 au 4. Shule isiyoweza kununua maboksi mengi ichague karatasi ambayo namba yake hubadilishwa kwa vichujio vya rangi, kwani boksi moja hufanya kazi ya yote.

Shule isiyo na chumba cha giza nayo isikate tamaa. Karatasi iliyopitwa na muda, ambayo haifai tena kwa picha nzuri, yafaa kwa jaribio hili: weka jani la mbuni juu yake, funika kwa kioo, uache juani nusu saa. Karatasi itageuka rangi bila dawa yoyote, na umbo la jani litabaki jeupe. Waulize wanafunzi sababu kabla ya kuwaeleza. Kisha hifadhi karatasi hiyo gizani, maana haijakazwa, na mwanga utaendelea kuigeuza.

Dawa zishikwe na mwalimu mwenyewe, na zilizotumika zisimwagwe mtoni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwalimu ajiulize maswali matatu: picha hii ni ya kazi gani, negativu yangu ikoje, na nina ndoo ngapi za maji? Bei ya boksi ifuate baada ya hayo.