Kumbukumbu ya Terraform Isikae Kwenye Kompyuta ya Mtu Mmoja

Mhandisi anayetumia Terraform hagusi seva wala nyaya. Anaandika mistari michache kueleza kwamba anahitaji seva mbili, hifadhidata moja na mtandao wa kuziunganisha, kisha programu inaziagiza kutoka Amazon, Google au Microsoft. Terraform ilitolewa mwaka 2014 na HashiCorp, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar.

Lakini programu hiyo inajuaje kwamba seva iliyoiagiza jana ndiyo unayoitaja leo? Jina uliloipa kwenye msimbo ni lako wewe. Amazon inaitambua seva hiyo kwa namba ndefu iliyoitoa yenyewe. Kinachounganisha majina hayo mawili ni faili la hali, yaani kumbukumbu ya Terraform. Ukifuta mistari ya seva kwenye msimbo, ni faili hilo tu linalojua kuwa kuna kitu cha kubomolewa. Likipotea, seva hazizimiki: zinaendelea kufanya kazi na kudaiwa malipo, ila Terraform inaamini hazipo, na ukiiamuru tena itajaribu kujenga kila kitu upya.

Usipoielekeza vinginevyo, Terraform hulihifadhi faili hilo katika kompyuta ya aliyetoa amri. Kwa mtu mmoja hilo linavumilika. Kwa watu wawili ni kama duka lenye madaftari mawili ya madeni, kila muuzaji na lake. Wengi hukimbilia kuliweka pamoja na msimbo kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, na hapo napinga kabisa. Git haimzuii mtu wa pili kuanza kazi kabla wa kwanza hajamaliza, na kila siri iliyomo, kama nywila, inabaki kwenye historia hata ukifuta faili.

Dawa ni kuliweka kwenye hifadhi ya mbali ambayo timu nzima inaisoma, kwa mfano S3 ya Amazon, na kulifunga wakati wa kazi. Kabla ya kubadili chochote, Terraform huweka kufuli. Mwingine akijaribu, anakataliwa na kuonyeshwa nani amelishika. Kwa miaka mingi S3 peke yake haikuweza kutoa kufuli hilo, ikabidi watu waongeze jedwali katika hifadhidata ya DynamoDB kwa kazi hiyo tu. Agosti 2024 Amazon iliiwezesha S3 kukubali maandishi kwa sharti: andika faili hili iwapo tu halipo. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, moja hupita na jingine hurudishwa. Terraform 1.10, iliyotoka Novemba mwaka huohuo, ikaanza kutumia uwezo huo kuweka kufuli kama faili dogo kando ya lile kubwa.

Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, kufuli linaweza kubaki. Ipo amri ya kulivunja, lakini mtafute kwanza mwenzako aliyelishika na uhakikishe amri yake imekoma. Na washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye S3, kwa sababu faili likiharibika, toleo lililotangulia ndilo litakalookoa kazi.

Lipo jambo linalonitia hofu zaidi ya kufuli. Nywila ya hifadhidata iliyoundwa kwa Terraform kwa kawaida huandikwa ndani ya faili la hali waziwazi. Kuitia alama ya siri kwenye msimbo huificha kwenye skrini tu. OpenTofu, tawi la Terraform lililozaliwa baada ya HashiCorp kubadili leseni Agosti 2023, iliongeza mwaka 2024 uwezo wa kulisimba faili lenyewe kabla halijatoka kwenye kompyuta. S3 nayo husimba data inayoihifadhi, lakini humfungulia yeyote mwenye ruhusa. Basi kabla ya kumruhusu mtu kusoma faili la hali, jiulize kama ungemkabidhi nywila ya hifadhidata yenu. Ni ruhusa ileile.