Katibu Anapoitwa Kurudi Chamani

Hutokea mara kwa mara katika vyama vya msingi kwamba katibu meneja aliyeacha kazi anafuatwa nyumbani kwake na viongozi wa chama, wakamwomba arudi. Hoja zao huwa ni zile zile: vitabu havijafungwa, wakaguzi wamekaribia, msimu u mlangoni, na wanachama wanalitaja jina lake. Methali nayo haikosi kutajwa: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni methali ya kweli, lakini baharia mwenye busara, kabla ya kushuka ngamani, hutazama kwanza kama maji yaliyoingia yameshatolewa.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo katibu hana budi kuyapima kabla ya kutoa jibu, pamoja na yale ambayo Bodi na wanachama wanapaswa kuyatimiza kabla ya kumwita.

Kwa nini makatibu huondoka na kuitwa tena

Jambo hili si geni katika ushirika wa Tanzania. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 ilivirudisha, na watu wenye ujuzi wa maghala, mizani na vitabu vya hesabu wakahitajiwa upya. Mwaka 1994 biashara ya kahawa na pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nao wakawahitaji watu wanaowajua wakulima na madaraja ya zao. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya ushirika, na mzigo ukarudi mabegani mwa vyama vya msingi.

Kila sera inapogeuka, mwenye ujuzi hutakiwa upande mwingine. Kwa hiyo kuitwa tena si lazima kuwe dalili kwamba chama kimetengemaa. Huenda ikawa dalili kwamba kimekwama.

Sababu ya kuondoka iulizwe kwanza

Achukuliwe, kwa mfano, katibu aliyekitumikia chama cha kahawa kwa miaka 8. Aliondoka kwa sababu mbili: mshahara wake ulicheleweshwa miezi 4, na Mwenyekiti alikuwa na desturi ya kuchukua fedha za sanduku kwa ahadi ya mdomo, bila hati ya malipo. Sasa ameajiriwa na mnunuzi binafsi. Mwezi mmoja kabla ya msimu, Mwenyekiti yule yule anamjia na kumwahidi mshahara mkubwa zaidi.

Ahadi hiyo inajibu sababu ya kwanza kwa nusu tu, na ya pili haiigusi kabisa. Mshahara mkubwa usiolipwa ni sawa na mdogo usiolipwa. Na ikiwa sanduku bado linafunguliwa kwa maneno matupu, katibu atakuwa amerudi mahali pale pale alipopakimbia, ila safari hii jina lake ndilo litakaloandikwa katika taarifa ya ukaguzi. Swali la kuuliza, basi, si kiasi gani chama kitalipa. Ni jambo gani limebadilika tangu alipoondoka, na ni nani anayeweza kulithibitisha. Mwenye kutaka jibu la hakika atasoma taarifa ya mwisho ya ukaguzi na mihtasari ya Bodi, na ataongea na karani aliyebaki.

Kurudi ni mkataba mpya

Wengi hudhani kwamba anayerudi anaendelea pale alipoishia. Kisheria sivyo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, malipo ya kiinua mgongo hukadiriwa kwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, na hesabu hiyo haivuki miaka 10. Hulipwa pale mwajiri anapovunja ajira ya mtu aliyetumikia mfululizo angalau miezi 12. Aliyejiuzulu kwa hiari yake hahesabiwi humo.

Katibu wa mfano wetu akirudi, kisha Bodi ikamwachisha baada ya miaka 3, haki yake kwa sheria hiyo itakuwa siku 21. Kama asingeondoka kamwe, angekuwa na miaka 11, na angelipwa kwa kiwango cha juu cha siku 70. Akitaka miaka yake 8 ya awali itambuliwe, jambo hilo liandikwe waziwazi katika mkataba mpya, maana neno la mkutanoni halitamsaidia.

Mkataba huo utaje cheo, mshahara, siku ya kulipwa, likizo na mipaka ya madaraka yake. Uoneshe pia lini atalipwa malimbikizo ya zamani anayokidai chama, na kama yeye mwenyewe aliacha deni la masurufu, lirejeshwe vipi. Vilevile aende katika ofisi ya NSSF kuomba taarifa ya michango yake, ahakikishe kwamba makato ya miaka ya nyuma yalipelekwa. Pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, na mwezi usiopelekwa hupunguza hesabu hiyo.

Kazi aliyo nayo

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi ya sasa ipimwe kwa haki, kwa vile ilivyo, wala si kwa hasira ya siku moja wala kwa furaha ya kusifiwa na waliomkosea. Akiamua kuiacha, atoe notisi kwa maandishi. Kwa mwenye kulipwa kwa mwezi, sheria inataka siku zisizopungua 28. Anayemkimbia mwajiri mmoja usiku ili amridhishe mwingine huwafundisha wote wawili kwamba ataondoka hivyo hivyo tena.

Makabidhiano kabla ya kukalia kiti

Hili ndilo jambo linalowaangusha wengi. Katibu akipokea funguo leo na hesabu zikafanywa mwezi ujao, hakuna atakayeweza kutenganisha upotevu wa kabla yake na wa baada yake. Kabla ya kutia saini ya kupokea ofisi, vitu vyote vihesabiwe mbele ya mashahidi: fedha taslimu na salio la benki, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, mizani, magunia, pembejeo, na mazao yaliyomo ghalani. Orodha itiwe saini na anayekabidhi, anayepokea na mjumbe wa Bodi, nakala ibaki kwa kila mmoja. Bodi ikisema hakuna nafasi ya kazi hiyo kwa kuwa msimu umekaribia, katibu ameshapata jibu lake.

Wajibu wa Bodi na wanachama

Mwaliko wa mtu mmoja si mwaliko wa chama. Katibu aliyerudishwa kwa hisani ya Mwenyekiti huonekana kuwa mtu wa Mwenyekiti, na atashindwa kukataa hati isiyo halali. Kwa hiyo uamuzi wa kumwita upitishwe katika kikao cha Bodi na uandikwe katika muhtasari, na mshahara wake uwemo katika makisio yaliyoidhinishwa na Mkutano Mkuu. Kama ukaguzi wa zamani uliacha hoja dhidi yake, hoja hiyo ijibiwe hadharani kabla hajaanza kazi. Kuificha ni kumwonea yeye na kuwaonea wanachama.

Wanachama nao wana swali lao la kuuliza: kwa nini chama hakikumwandaa mtu mwingine? Chama ambacho vitabu vyake vinasomwa na mtu mmoja tu kimeweka jasho la wakulima wote mikononi mwa mtu huyo. Katibu anayerudi apewe karani wa kumfundisha, na kazi hiyo iandikwe katika mkataba wake.

Yote haya yakitimizwa, kurudi ni jambo la heshima kwa pande zote mbili, na mkulima atapimiwa na kulipwa sawasawa. Yasipotimizwa, katibu akatae kwa barua ya adabu, akieleza ni jambo gani likirekebishwa atakuwa tayari kufikiri upya. Barua kama hiyo, ikisomwa katika kikao cha Bodi, huenda ikakisaidia chama kuliko kurudi kwake.