Saa ya Kugeuka Ipangwe Kabla ya Safari

Klabu za mazingira na vikundi vya skauti katika shule za Nairobi huupenda Mlima Longonot, na si bure. Uko umbali wa kilomita 90 hivi, kilele chake kina mita 2,776, na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye afya njema anaweza kuupanda na kulala kwao usiku huohuo. Kwa sababu hiyo walimu wengi huipanga safari kwa kutafuta basi na kukusanya nauli. Mlima wenyewe hawaupigii hesabu, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Hesabu ya kwanza ni ya muda. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, kisha mnateremka zile 3.1 za mwanzo. Jumla ni kilomita 13.4. Kanuni ya zamani ya wapanda milima inamhesabia mtu mzima mkakamavu saa moja kwa kila kilomita tano, na kumwongezea saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Kwa kanuni hiyo, Longonot ungekuwa kazi ya karibu saa nne. Lakini wanafunzi arobaini huenda kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa, anayesimama kila mara kufunga kamba za viatu. Mimi hushauri watengewe saa sita, pamoja na chakula. Sasa piga hesabu: basi likichelewa, mkaanza kupanda saa tano asubuhi, mtarudi langoni saa kumi na moja jioni, tena ikiwa hakuna aliyeteguka mguu. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama giza halikawii. Na bado kuna safari ya kurudi, basi likipanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu usiku.

Njia ya mzunguko ina mtego ambao wageni hawauoni. Mkienda na kurudi kwa njia ileile, mnaweza kugeuka popote. Mkizunguka kreta, mkishapita nusu, kurudi nyuma ni mbali kuliko kusonga mbele, hata kama mtoto analia kwa maumivu ya goti. Kwa hiyo uamuzi ufanywe palepale njia inapoufikia ukingo. Ikiwa saa tano imepita, au kuna anayechechemea, au mawingu yanajikusanya, hakuna kuzunguka. Watoto wale, waitazame kreta, washuke. Saa hiyo iandikwe kwenye ratiba na wanafunzi waambiwe siku moja kabla. Mwalimu asiyeitangaza mapema atajikuta ukingoni akibembelezwa na watoto waliolipa pesa zao, na mwalimu mwema ni mwepesi wa kubembelezwa.

Mvua nayo ina ratiba yake. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, na wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, dhoruba hupenda kuanguka alasiri, na pale ukingoni hakuna pa kujificha. Ukiuona umeme, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni mara moja wala msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Msirudi juu hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Karibu na hapo, kwenye korongo la Hell's Gate huko Naivasha, tumepata funzo chungu zaidi. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla wakafa. Septemba 2019 watu saba wengine walikufa kwenye korongo hilohilo. Mvua inaweza kunyesha mbali, kwenye miinuko, na maji yakakufikia huku umesimama kwenye mchanga mkavu. Kuta ni nyembamba, na pa kupandia ni pachache. Kwenye korongo, anga la kuchunguzwa ni la kule maji yanakotoka, na askari wa hifadhi akisema msiingie, msiingie.

Fomu za wazazi nazo ziandikwe upya. Nyingi huuliza tu kama mtoto ana ugonjwa, na mzazi huandika “hapana” akihofu mwanawe ataachwa. Uliza anatumia dawa gani, na kifua kilimbana lini mara ya mwisho. Mwenye selimundu anaweza kuzidiwa kwa kukosa maji, baridi na uchovu, kwa hiyo daktari wake aulizwe kwanza. Pampu ya pumu ikae mfukoni mwa mtoto, isiachwe ndani ya basi.

Viatu vikaguliwe gwaridani siku moja kabla. Kila mwanafunzi ainue mguu, mwalimu atazame soli. Njia ya Longonot ni vumbi na changarawe za volkano, na soli iliyolika huteleza zaidi wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka. Maji hayapatikani njiani, kwa hiyo kila mmoja abebe lita mbili.

Watu wazima wasipungue watatu hata kundi likiwa dogo: akiumia mtoto, mmoja hubaki naye, mmoja huongoza wengine, na wa tatu hufuata msaada.

Mzazi, kabla ya kutia sahihi, muulize mlezi wa klabu maswali mawili: wewe mwenyewe umeipita njia hiyo? Na mtageuka saa ngapi, hata kama hamjafika? Akikosa jibu, usitie sahihi. Mwombe kwanza aende akaione njia.